Mbuzi wa Junda na Asili Yake

Katika mkutano wetu wa mwaka liliulizwa swali ambalo halikupata jibu. Ikiwa fedha za chama zitatumika kununua beberu mmoja wa kuwapanda mbuzi wa wanachama wote, je, anunuliwe beberu wa aina gani? Vijana walimtaka mkubwa. Wazee wengi walinyamaza. Nikaombwa niandike habari za asili ya mbuzi katika upande wetu huu wa Kisauni, ili mkutano ujao usikate shauri gizani.

Mbuzi si mgeni kwetu, ijapokuwa waandishi wa kale hawakumjali sana. Mwezi wa Aprili, 1498, Vasco da Gama alipotia nanga mbele ya Mombasa, mfalme wa kisiwa alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa. Habari za safari hiyo ziliandikwa, na kondoo yule akapata kutajwa katika vitabu; mbuzi hakubahatika. Lakini nasaba yake ni ndefu. Alianza kufugwa yapata miaka 10,000 iliyopita katika milima ya Iran na nchi za jirani, na mifupa ya mbuzi na kondoo iliyofukuliwa karibu na Ziwa Turkana yaonyesha kwamba wanyama hao walikuwa wamekwisha kufika huko yapata miaka 4,000 iliyopita. Waliofika pwani walikuta joto, unyevu, kupe na minyoo. Walio dhaifu walikufa, na kizazi cha waliosalia ndicho hiki tukiitacho cha kienyeji: mbuzi mdogo, mwenye miguu mifupi, ambaye jike lake aghalabu halizidi kilo 30, na maziwa yake ni kikombe tu baada ya mtoto kunyonya.

Zamani mbuzi huyo alitutosha bila kuulizwa asili yake. Alichungwa chini ya minazi na mikanju, akateremka hata kwenye hori ya Tudor kula majani ya mchu maji yakipwa. Kisha ardhi ikapungua. Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kikaanza kazi mwaka 1954. Na daraja kubwa la sasa likafunguliwa mwaka 1980. Kila mara watu walizidi kuvuka na kujenga, na mashamba yakakatwa viwanja. Siku hizi mbuzi wa mtu akila mchicha wa jirani, kesi humfikia mzee wa mtaa kabla ya jua kuchwa.

Basi ndipo lilipozuka wazo la kufuga wachache walio wakubwa. Wazo hilo si baya, na nchi yetu imelijaribu. Kule Maseno, tangu mwaka 1980, wataalamu walichanganya damu ya mbuzi wa kienyeji, Galla, Toggenburg na Anglo-Nubian ili wapate mbuzi mmoja wa nyama na maziwa. Huko Meru, katika miaka ya 1990, wakulima waligawiwa Toggenburg, mbuzi wa asili ya Uswisi, ambaye akitunzwa vizuri aweza kutoa lita mbili na zaidi kwa siku. Lakini Meru ina baridi ya mlimani. Mbuzi yule yule akiletwa Junda mwezi wa Mei, mvua ikinyesha na joto lisipungue, atahitaji banda la uchaga, majani ya kukatiwa kila siku, na dawa ya minyoo isiyokosa. Aliye na hayo yote na amfuge. Nyumba za namna hiyo miongoni mwetu ni chache.

Jaribio lililo karibu nasi zaidi lilifanywa Diani, ng'ambo ya Likoni, katika miaka ya 1990. Huko mbuzi wa kienyeji na Galla walifugwa pamoja, na mavi yao yakapimwa ili kuhesabu mayai ya minyoo. Galla ni mbuzi mweupe wa nchi kavu za kaskazini, naye humpita wetu kwa uzito. Lakini baada ya kuachishwa ziwa, wana wa mbuzi wa kienyeji walionekana kuwa na mayai machache kuliko wana wa Galla. Minyoo hiyo huanguliwa katika unyevu, hupanda majani pamoja na umande, kisha hunyonya damu ndani ya tumbo hata ngozi ya ndani ya kope ikawa nyeupe. Katika nchi ya ukame jua huiua mingi. Galla hakulelewa katika vita hivyo.

Wengine watasema kwamba mkubwa huleta bei wakati wa Idi. Ni kweli kwa mwuza nyama. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi mbuzi wa kuchinja Idi hutazamwa umri wake, yaani miaka miwili kamili, na uzima wake, asiwe kilema wala chongo. Hapimwi kwa mizani. Katika akika nako huchinjwa wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, na mbuzi wetu mdogo hukubaliwa pasipo shaka.

Kwa hiyo mimi ningemchagua beberu wa kienyeji, aliyezaliwa na mama mwenye desturi ya kuzaa pacha na ambaye wanawe hawafi ovyo masika. Damu ya maziwa iachiwe wale wenye banda na majani, tena kwa gharama yao.

Liko jambo moja ambalo mkutano haukulitaja. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, na binti yake aweza kupandwa akikaribia mwaka. Beberu akikaa kwetu zaidi ya mwaka mmoja na robo, ataanza kuwapanda binti zake mwenyewe, kwa hiyo hana budi kubadilishwa na wa mbali, labda na chama cha upande wa Likoni. Tena iamuliwe mapema atalala kwa nani, maana harufu ya beberu wazee waijua.