Herufi na Silabi: Asili ya Vifupisho vya Kiswahili

Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902, na katika vinywa vya askari wake Waafrika likapata jina fupi: Keya. Jina hilo ni herufi K, A na R kama zilivyotamkwa kwa Kiingereza. Sikio la Mswahili halikuzipokea kama herufi tatu, bali kama sauti zinazofuatana, likaziweka katika silabi wazi. Huo ndio mwanzo unaofaa kuzingatiwa, kwa maana historia ya vifupisho katika Kiswahili ni mvutano baina ya herufi na silabi.

Vyama vya siasa viliurithi mvutano huo. TANU (1954) na KANU (1960) ni vifupisho vya majina ya Kiingereza, lakini vyote viwili vilisadifu kuwa na silabi mbili wazi, hata vikasemwa kama majina ya kawaida. ASP, kifupisho cha Afro-Shirazi Party, hakikuwa na bahati hiyo: ilibidi kisomwe herufi kwa herufi.

Baada ya uhuru, vyombo vya lugha vilifuata njia ya silabi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, likawa BAKITA. Huko Kenya, Chama cha Kiswahili cha Taifa kikawa CHAKITA. Njia hii ina kasoro zake. TA ya BAKITA ni taifa, TA ya UKUTA, chama cha washairi, ni Tanzania, na katika TATAKI, jina la tangu mwaka 2009, TA ya kwanza ni taasisi na ya pili ni taaluma. Hata hivyo mtu asiyejua Kiingereza huyatamka majina hayo bila ya kufundishwa.

Ajabu ni kwamba siasa, iliyokitukuza Kiswahili kuliko nyanja nyingine, ilishika njia ya pili. TANU na ASP zilipoungana tarehe 5 Februari 1977, jina la chama kipya lilikuwa la Kiswahili kitupu, tena hata kihusishi "cha" kilipewa herufi yake: CCM. Lakini herufi hizo husomwa "sisiemu", yaani kwa majina ya Kiingereza. Upatanisho nao umebadilika: chama kimeshinda, ila aghalabu CCM imeshinda. Kifupisho kimeiacha ngeli ya neno lake na kuingia ngeli ya 9, zinamopokewa nomino nyingi za kigeni.

Utabibu unatoa mfano ulio kinyume. Wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana. Kifupisho cha Kiingereza, AIDS, kilipofika mitaani, vijana wa Tanzania walikifasiri kwa mzaha: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Upungufu wa Kinga Mwilini ukatoa UKIMWI, neno linalotamkika, lenye kiambishi u- cha upungufu na upatanisho wake: UKIMWI umeenea. Kwa Waswahili wa Kongo, wanaosoma Kifaransa, ni SIDA. Lakini virusi vyenyewe havikupata jina la namna hiyo. Viliitwa VVU, ambamo "vya" imehesabiwa kama "cha" ya CCM na U ni kifupisho cha kifupisho. Na katika zahanati nyingi mgonjwa husomewa herufi hizo kwa Kiingereza: "vii-vii-yuu".