Kahawa Iliyouzwa Ikiwa Maua

Mwishoni mwa 2010 nilikuwa kidato cha tatu, Ijuganyondo, nakimbia mita 5,000 na kuota Marekani. Wakala mmoja aliniahidi nafasi ya chuo kwa ada ya dola 400. Baba akauza butura: kahawa ya kibanjani ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Wakala akazima simu.

Miaka ilipita ndipo nikaanza kusoma jinsi waliotangulia walivyokwenda.

Suleiman Nyambui alizaliwa 1953 huko Majita, ng'ambo ya ziwa hili hili letu. Alipochukuliwa na Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, miaka ya 1970 ikielekea mwisho, alikuwa mtu mzima mwenye jina mashindanoni. Kocha wa pale, Ted Banks, aliwatafuta mwenyewe wakimbiaji wa Afrika. Nyambui akatwaa taji la vyuo la mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na kati yake akapata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow, 1980.

Wamarekani wakalalamika kwamba vijana wao wanashindanishwa na wanaume. Mwaka huo huo wa 1980 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaanza kuhesabu: mashindano ya baada ya kutimiza miaka 20 yakawa yanapunguza miaka ya kucheza chuoni. Njia ya Nyambui ikawa finyu. Akawa anatakiwa kijana wa sekondari, na awahi.

Hasheem Thabeet aliwahi. Alianza kikapu Dar es Salaam akiwa na miaka 15, akamalizia sekondari Houston, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut 2006. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika NBA. Lakini urefu wa futi saba unaonekana kwa macho. Mbio zinahitaji ushahidi, na muda wangu ulikuwa kwenye daftari la mwalimu, umepimwa kwa saa ya mkononi katika uwanja uliopimwa kwa hatua. Kocha gani wa Texas angeuamini? Hata mimi siuamini sana.

Baba hakuwahi kunilaumu. Juni mnunuzi alikuja na magunia yake, tukamchumia.