Kolelo wa Mvua, Kolelo wa Vita



Mji wa Dar es Salaam hunywa maji ya Uluguru. Mto Ruvu huanzia katika milima ile, hushuka kwenye tambarare, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huyasukuma maji yake hadi kwenye mabomba ya Ilala, Gerezani na Kariakoo. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilipochelewa na mto ukapungua, mji mzima uliingia katika mgawo wa maji, na ndoo zikapangwa foleni tangu alfajiri. Wazaramo wa kale, wenyeji wa ardhi hii, walipopatwa na ukame walijua mlango wa kubisha. Walifunga safari ya siku nyingi kwa miguu, wakapanda milima hiyo hiyo ya Uluguru hadi kwenye pango la Kolelo.

Nimekusudia leo kumzungumzia Kolelo, kwa kuwa naona tumemkata vipande viwili. Kipande kimoja tumewaachia wataalamu wa mila: mzimu wa mvua na mavuno. Kingine tumekitia katika vitabu vya historia ya shule: sauti iliyowaambia watu kwamba risasi zitageuka maji. Mwanafunzi akisoma kipande cha pili bila kile cha kwanza, hana budi kuhitimisha kwamba babu zake walikuwa wajinga waliodanganywa. Miaka yote niliyowafunza walimu watarajiwa, neno hilo “walidanganywa” lilikuwa likirudi katika maandalio yao ya somo la Maji Maji. Ni kitenzi kizito, na kabla ya kukitumia juu ya wafu yatupasa kukipima.

Kolelo alikuwa nani basi? Kwa Waluguru na Wazaramo alikuwa nguvu iliyokaa pangoni, ikajidhihirisha kwa sura ya nyoka mkubwa na kusema kwa sauti iliyotoka ndani ya mwamba. Walinzi wa pango walikuwa ukoo wa Mlali, na masimulizi ya Kizaramo yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne iliyopita yanasema kwamba nyoka huyo alimtwaa mwanamke wa ukoo huo, na ndugu zake wakawa watumishi wake. Hakuwa Mungu Muumba. Muumba aliitwa Mulungu, na ni jina hilo hilo ambalo katika Kiswahili limedondosha sauti ya “l” likawa Muungu, hatimaye Mungu. Kolelo alikuwa chini yake, karibu zaidi na mashamba ya watu na matumbo yao.

Jina lake halikufa. Hadi leo iko kata iitwayo Kolero katika Wilaya ya Morogoro Vijijini. Na kusini, katika bonde la Rufiji, watu walimjua Bokero, naye akiombwa mvua na mavuno. Majina haya mawili yanafanana kiasi kwamba wanahistoria wengi wameyatazama kama matawi ya shina moja. Richard Burton, Mwingereza aliyepita Uzaramo na Ukutu mwaka 1857, alisikia habari za pango la milimani, na katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1860 aliyaandika majina yote mawili, Kurero na Bokero, kuwa ya mahali pamoja.

Lakini nimemtaja Burton kwa jambo jingine lenye uzito zaidi. Alikuwa mtu wa dharau nyingi kwa imani za wenyeji, hata hivyo alieleza watu walichokwenda kuomba pale. Wanawake walioga katika maji ya pango ili wapate uzazi. Wanaume walitoa sadaka ya wanyama wakiomba misimu yenye mavuno, na wakiomba pia ushindi vitani. Tuzingatie tarehe. Hapo ni karibu nusu karne kabla ya Maji Maji. Hakuna Mjerumani pwani, hakuna kodi, hakuna pamba ya lazima. Na tayari pango moja linatoa mtoto, mvua na ushindi. Uso wa vita haukuzuliwa mwaka 1905. Ulikuwapo tangu zamani, umekaa kando ya uso wa mvua, ukingoja mwenye haja.

Haja ilipokuja ilikuwa kubwa. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya kibanda. Mwaka 1902 ikaanzisha mashamba ya pamba ya jumuiya, ikianzia wilaya hii hii ya Dar es Salaam kabla ya kuyaeneza kusini. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba, na watu wake walilime kwa zamu. Malipo yalikuwa madogo mno hata baadhi ya watu wakakataa kuyapokea. Kibaya zaidi ni kwamba pamba hudai mikono wakati ule ule ambao mahindi, mtama na mpunga navyo huidai. Aliyepalilia pamba ya serikali aliacha shamba lake likamezwa na magugu, au nguruwe wakalivamia usiku bila mlinzi.

Mmisionari Mjerumani Martin Klamroth, aliyeishi na Wazaramo na kuandika kuhusu dini yao, alieleza kwamba zamani Kolelo alijishughulisha na mambo ya ukame na njaa tu, kisha ghafla akaanza kusema juu ya utawala. Habari zilienea Uzaramo kwamba Kolelo amekataza watu kuwalipa wageni kodi. Kwamba gharika itakuja iwaangamize. Kwamba ardhi itafunuka iwameze. Kwamba bunduki za askari zitatoa maji. Klamroth aliona hapo mgeuko, mungu wa mashamba kaingia siasa. Mimi sioni mgeuko. Kodi ililipwa kwa mazao ya shamba, na pamba ilipora siku za shamba. Mlinzi wa mavuno angenyamaza vipi? Aliyekuwa akiulizwa kwa nini mahindi hayakuota aliulizwa swali lile lile mwaka 1905, na safari hii jibu halikuwa mawinguni.

Tazama pia silaha aliyoitoa. Kule Ngarambe, mwaka 1904, Kinjikitile Ngwale alipagawa na pepo Hongo, mjumbe wa Bokero. Masimulizi yanasema alizama katika kidimbwi cha mto na kuibuka siku ya pili, nguo zake kavu. Dawa aliyowapa watu ilikuwa maji yaliyotiwa nafaka. Maji na nafaka! Ndivyo vitu vile vile walivyokuwa wakiviomba miaka yote. Aliyezoea kuamini kwamba maji ya mahali patakatifu humpa mwanamke mtoto na shamba mavuno hakuhitaji kudanganywa ili aamini kwamba humlinda pia mwanamume vitani. Uzima ni mmoja.

Hapa wapenzi wa maneno watanivumilia kidogo. Hongo la Kiswahili cha misafara lilikuwa ushuru aliolipa msafiri ili apishwe katika nchi ya watu. Siku hizi limeshuka hadhi, tunaliita rushwa. Sidai kwamba jina la pepo limetoka huko. Nasema tu kwamba wale waliotumwa vijijini kugawa maji nao waliitwa mahongo, na sikio la Mswahili haliwezi kulisikia neno hilo bila kukumbuka malango na upito.

Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, waling'oa pamba, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa bado vichanga, lakini maji yalikwisha kuvuka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Uzaramo nao uliwaka moto. Jumbe Kibasila, aliyepinga pamba, alinyongwa, na jina lake leo liko kwenye lango la shule ya sekondari hapa mjini. Wangapi kati ya wanaopita langoni pale wanajua kwamba lile ni jina la mtu aliyekufa kwa ajili ya shamba la mtama?

Hadi vita vinakoma mwaka 1907, majeshi ya serikali yalikwisha kuchoma vijiji, ghala na mazao. Serikali yenyewe ilikadiria wafu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefikisha makadirio hadi 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa. Mungu wa mvua alipigwa mahali panapomuuma, ghalani.

Kariakoo ilizaliwa baada ya hayo. Majengo ya soko yaliwekwa na Wajerumani kabla tu ya Vita Vikuu vya Kwanza. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 wakayafanya kambi ya kikosi cha wapagazi, na jina la Kiingereza la kikosi hicho, likipita katika vinywa vya Waswahili, likawa Kariakoo. Kisha viwanja vikagawiwa, wakaja Wazaramo, Waluguru, Warufiji, Wandengereko na Wamatumbi. Watu waliokuwa wakimwita kwa majina mbalimbali mzee yule wa pangoni wakawa wapangaji wa nyumba moja, wenye ua mmoja na kisima kimoja. Wengi wao walikuwa Waislamu au walisilimu, maana baada ya Maji Maji Uislamu ulienea kwa kasi. Jina la Kolelo likashuka sauti, lakini mila haikuondoka mara moja. Marja-Liisa Swantz, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu Wazaramo wa pwani, alionyesha jinsi jamii iliyokwisha kuwa ya Kiislamu ilivyoendelea kuyatunza matambiko yake ndani ya maisha mapya.

Katika fasihi yetu, mwaka 1969 Ebrahim Hussein alimrudisha jukwaani mtu wa Ngarambe katika tamthilia ya Kinjeketile. Mwandishi huyo hakuridhika na neno “udanganyifu”. Kinjeketile wake anayatilia shaka maji, na bado mwishoni anakataa kuyakana mbele ya waliomfunga, kwa kuwa neno likishatoka na watu wakaungana chini yake, si lake tena. Hiyo ni sanaa, wala mwandishi hakudai kuandika historia. Hata hivyo naona sanaa imekaribia ukweli kuliko baadhi ya vitabu vyetu vya kiada.

Ugumu wetu mmoja umo katika msamiati. Tukimwita Kolelo “shetani”, tumekwisha kumhukumu kwa sheria ya dini nyingine. Tukimwita “pepo”, tumempa kiti kimoja na maradhi ya kupungwa. “Mzimu” ni afadhali, ingawa shina lake ndilo linalotupa pia kuzimu na wazimu, na msomaji wa leo husikia hofu kabla hajasikia heshima. Waliopanda mlima na sadaka zao hawakuhitaji kuchagua. Mwanamke tasa alimjua Kolelo mmoja, mkulima mwingine, mpiganaji mwingine, na wote watatu waliinama mbele ya mwamba mmoja. Sura ilitegemea aliyeinama amebeba haja gani.

Kwa walimu wanaolifundisha somo hili, ombi langu ni fupi. Anzeni na pango kabla ya vita. Mwambieni mwanafunzi kwanza kuhusu ukame, uzazi na mtama, ndipo mje kwenye pamba na bunduki. Risasi hazikugeuka maji, na hilo lisifichwe. Walikufa wengi wakiwa na imani hiyo. Lakini mtu aliyeielekea bunduki akimtegemea yule yule aliyewahi kumwomba mvua, na mvua ikanyesha, tusimfupishe kwa kitenzi kimoja. Alitumaini. Kitenzi hicho nacho kimo katika lugha yetu.