Kwa nini bei ya urea hufuata bei ya gesi

Mwaka 2022 kila kijiji nilichopita niliulizwa swali moja: "Bwana shamba, vita viko Ulaya, mbona urea inapanda huku kwetu?" Jibu lake lina zaidi ya miaka mia moja.

Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuichukua hewani. Mwaka 1905 huko Notodden, nchini Norwe, Kristian Birkeland na Sam Eyde walianza kuikamata kiwandani. Walipitisha hewa kwenye moto wa umeme uliotokana na maporomoko ya maji, kisha wakatumia chokaa kupata mbolea ya kalsiamu naitreti. Hawakuhitaji gesi, ila umeme ulioliwa ulikuwa mwingi mno.

Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alionyesha njia nyingine: kuunganisha naitrojeni na haidrojeni kupata amonia. Carl Bosch akaipeleka kiwandani, Oppau, mwaka 1913. Njia hii ilikula nishati kidogo, ikashinda. Wanorwe nao wakaihamia, lakini haidrojeni waliipata kwa kutenganisha maji kwa umeme wao. Baadaye gesi asilia ikawa nafuu zaidi, na viwanda vingi duniani vikaanza kutoa haidrojeni humo. Ndiyo maana gesi ilipopanda Ulaya, baadhi ya viwanda vilipunguza kazi, na sisi tukaumia dukani.

Sasa wanarudi kwenye maji. Mwaka 2024 Yara, iliyozaliwa na kampuni ileile ya akina Eyde, ilizindua huko Herøya mtambo wa megawati 24 wa kutenganisha maji kwa umeme. Bado njia hiyo ni ghali kuliko gesi, kwa hiyo usipange msimu ujao ukitegemea bei itashuka kwa sababu yake.

Panga kwa ulichonacho. Maharage na kunde hukamata naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, bila umeme wala gesi. Panda kwa mzunguko na mahindi, na masalia yake usichome. Urea nayo ifukie udongo ukiwa na unyevu. Ukiiacha juu, sehemu yake hugeuka amonia na kurudi hewani, nawe umeshailipia.