Dada Mwenye Koleo

Kwenye filamu, mpelelezi aliyepotelewa na ndugu huwa na koti refu, chupa mezani na faili la zamani asiloweza kulifunga. Victoria Saavedra alikuwa na koleo.

Ndugu yake José alikuwa mwanafunzi wa miaka 18 huko Calama, kaskazini mwa Chile. Mnamo 19 Oktoba 1973, wiki chache tu baada ya Pinochet kupindua serikali, helikopta ya jeshi ilitua mjini ikiwa na Jenerali Sergio Arellano Stark. Siku hiyo wafungwa 26 walipigwa risasi jangwani, José akiwa mmoja wao. Familia hazikupewa miili.

Sasa utaripoti wapi, ikiwa aliyeua ndiye serikali? Wanawake wa Calama waliingia jangwa la Atacama wenyewe, wakachimba miaka 17. Kule jua hung'arisha mfupa hadi ukafanana na kokoto, na wao walijifunza kuutofautisha kwa macho. Huo ni upelelezi kamili, ni vile tu hakuna aliyewapa cheti. Mwaka wa 1990 kaburi likapatikana, lakini lilikuwa na vipande tu. Jeshi lilikuwa limerudi kwa siri, likafukua miili na kuihamisha.

Victoria alipata mguu, bado uko ndani ya kiatu, na soksi ya rangi ya damu ya mzee. Katika filamu ya Patricio Guzmán ya 2010 anasimulia jinsi alivyokaa na huo mguu asubuhi nzima, mumewe akiwa kazini. Anasema walikuwa wamekutana tena.

Hapo nikasimamisha video.

Mjomba wangu alitoka nyumbani nikiwa darasa la nne, akaambia watu anarudi jioni. Mama bado ana lile daftari: namba ya OB, mochari alizozunguka na tarehe zake, majina ya maaskari waliomwambia aje kesho. Ukurasa wa kwanza ni nguo alizovaa. Kwa miaka nilidhani Mama anajitesa bure, na kuna siku nilimwambia hivyo, kwa sauti, mbele ya wageni.

Juzi nikampigia simu, nikamuuliza soksi za Mjomba zilikuwa za rangi gani.

"Kijivu," akasema. "Ya kushoto ilikuwa na tundu. Mbona, umesikia kitu?"