Vivumishi vya fahari: Kila kimoja na kipimo chake

KIINGEREZA kina hazina kubwa ya vivumishi vya kusifia ukuu, fahari na enzi ya wafalme. Mfasiri anayeipokea hazina hiyo kwa Kiswahili aghalabu huimimina yote katika chombo kimoja, nacho ni “-a kifahari”. Jumba huwa la kifahari, gari la kifahari, harusi ya kifahari, na hata mlima ukaitwa wa kifahari.

Tatizo si uhaba wa msamiati katika Kiswahili. Tatizo ni kudhani kwamba vivumishi hivyo vina maana moja. Kipo kinachopima cheo, kipo kinachopima mwenendo, vipo vinavyopima ukubwa na mng’ao, na vipo vinavyopima gharama. Anayevichanganya huweza kugeuza lawama ikawa sifa bila kukusudia.

Cheo na mwenendo

Vivumishi “kingly”, “royal” na “regal” vyote vimetokana na maneno yenye maana ya mfalme. Kuwapo kwa vitatu badala ya kimoja kuna sababu ya kihistoria. Cha kwanza ni cha Kiingereza chenyewe. Wanormani wakiongozwa na William walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala, na kutoka huko kikaja cha pili. Cha tatu kilitokana na Kilatini, lugha ya kanisa na ya wasomi wa zama hizo.

“Royal” hutaja mamlaka au umilikaji, wala si lazima kihusu uzuri. Nairobi ilipopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 1950, wakati wa utawala wa Mfalme George VI, hati iliyotolewa iliitwa “royal” kwa sababu ya mamlaka iliyoitoa, si kwa kuwa ilimetameta. Hapa “hati ya kifalme” ni tafsiri sahihi kabisa.

“Regal”, kwa upande mwingine, hueleza haiba na mwenendo. Muuza mboga sokoni aweza kustahili kivumishi hicho kwa jinsi anavyosimama na kuzungumza, ilhali mwana wa mfalme akakikosa. Mfasiri akiandika “mwanamke wa kifalme”, msomaji atadhani anaelezwa nasaba. Ni afadhali kusema ana haiba ya kimalkia, au anatembea kwa madaha.

“Stately” kinakaribiana nacho, ila husisitiza utaratibu na heshima. Gari la dhahabu la wafalme wa Uingereza, lililoundwa mwaka 1762, lina uzito wa takriban tani 4 na huvutwa na farasi 8 kwa kasi isiyozidi ya mtu anayetembea. Lilipombeba Mfalme Charles III baada ya kutawazwa Mei 6, 2023, mwendo wake ulikuwa mfano halisi wa kivumishi hicho. Kiswahili chake ni “mwendo wa taadhima”.

Ukubwa na mng’ao

“Majestic” kina asili yake katika neno la Kilatini lenye maana ya ukubwa. Humfaa mfalme, lakini pia humfaa simba, tai na mlima. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, unastahili kivumishi hicho ijapokuwa haukujengwa na mtu wala haukumgharimu mtu senti. Kuuita “wa kifahari” ni kuuweka katika orodha moja na magari na mikufu. Unaofaa ni “mlima adhimu”.

Sarufi nayo izingatiwe. “Adhimu” hakichukui kiambishi cha upatanisho: mlima adhimu, milima adhimu. “-tukufu” huchukua: mtu mtukufu, watu watukufu, mahali patukufu. Zaidi ya hayo, “-tukufu” kina uzito wa dini na wa dola. Waislamu husema Kurani Tukufu, na Wakenya waliokuwapo wakati wa utawala wa Daniel arap Moi wanakumbuka redio ilivyomtaja kila mara kuwa Mtukufu Rais. Kivumishi chenye mzigo huo hakifai kupachikwa kwenye hoteli ya ufuoni.

“August” kinakaribiana na “adhimu” kwa maana ya kustahiwa. Seneti ya Roma ilimpa Octavian jina la heshima la Augustus mwaka 27 KK, na jina hilo ndilo lililozaa mwezi wa Agosti. Waingereza hukitumia zaidi kwa mabaraza na watu wazima wenye hadhi, hivyo “baraza adhimu” inatosha.

“Palatial” nacho kilitokana na jina la kilima cha Palatino mjini Roma, alikoishi Augustus na makaizari waliomfuata. Huhusu majengo. Kiswahili hakihitaji kivumishi hapa, maana ukubwa umo ndani ya nomino yenyewe: nyumba ikikuzwa huwa jumba, na ikizidi jumba huitwa kasri.

“Splendid” na “resplendent” vina mzizi wa kung’aa. Taji la Mtakatifu Edward, lililotengenezwa kwa dhahabu mwaka 1661, ni taji linalometameta. Kitenzi hapa humwonyesha msomaji kitu chenyewe kuliko “-a kifahari”.

Gharama

Katika kundi hili ndipo kosa huwa na madhara. “Sumptuous” kimetokana na neno la Kilatini la matumizi ya fedha. Mzizi huo huo ulizipa jina sheria za kudhibiti anasa. Chini ya sheria hizo, katika karne ya 16, Malkia Elizabeth I alihifadhi hariri ya zambarau kwa jamaa ya kifalme. “Opulent” kinahusu ukwasi. “Lavish” kilitokana na neno la Kifaransa cha kale la mvua kubwa, ndiyo maana hubeba picha ya kumwaga bila kupima.

Taarifa ya Kiingereza ikisema kiongozi aliandaa karamu “lavish”, na mwanahabari akaandika “karamu ya kifahari”, hesabu imekwisha kufichwa. Msomaji ataona pambo na asiulize nani aliyelipa. “Karamu iliyomwagiwa fedha” huliacha swali hilo wazi, kama lilivyokuwa katika taarifa ya kwanza.

Vivumishi vingine hata vimegeuka. “Pompous” kilitokana na neno la Kigiriki la msafara wa sherehe, na zamani kilikuwa sifa. Siku hizi ni kejeli. Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo: “mtu mkuu” huheshimiwa, lakini “mtu wa makuu” ni yule anayejikweza. Hicho ndicho Kiswahili chake.

Kwa hivyo, kabla ya kuandika “-a kifahari”, mfasiri, mwanafunzi au mwanahabari na ajiulize kinachopimwa ni nini. Kikiwa cheo, “-a kifalme” kipo. Ikiwa haiba, kuna madaha na taadhima. Ukiwa ukuu, kuna adhimu. Ikiwa ni fedha, zitajwe kwa jina lake.