Macho ya sungura na lebo ya javeli

Chupa ya javeli yenye lebo kamili, ya aina inayokaa bafuni katika nyumba za Mutanga Nord nchini Burundi, ina alama ya pembe nne yenye ukingo mwekundu. Ndani yake kuna alama ya mshangao, au mchoro wa mkono na kipande cha chuma vinavyoliwa na matone, kwa kadiri ya ukali wa dawa iliyomo. Kwa upande wa macho, mchoro wa kwanza unasema jicho litawaka kisha litapona. Wa pili unasema huenda lisipone. Mpaka kati ya michoro hiyo uliwekwa kwa jicho la sungura. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, uliotoka mwaka 2003, unaihesabu dawa kuwa ya kuharibu macho ikiwa konea ya mnyama itafunikwa na ukungu wa kiwango fulani inapopimwa saa ya 24, ya 48 na ya 72, au ikiwa dhara litakuwa bado lipo baada ya siku 21. Historia ya kipimo hiki inafaa kujulikana kwa sababu kimetetewa kwa miongo mingi kwa hoja moja, kwamba bila sungura watu wangepofuka. Ukifuata miaka na matukio, hoja hiyo inayumba.

Chanzo chake ni rangi ya kope. Mwaka 1933 wanawake wa Marekani waliopaka rangi iliyoitwa Lash Lure walivimba macho, wapo waliopofuka, na mmoja alifariki. Ndani yake mlikuwa na parafenilenediamini, kemikali ya kutia weusi. Serikali haikuwa na meno ya kuizuia, kwa kuwa sheria ya chakula na dawa ya wakati huo haikugusa vipodozi. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 1938, ikawapa maafisa uwezo wa kukamata bidhaa ya namna hiyo. Rangi za nywele za jamii hiyo ziliruhusiwa kuendelea kuuzwa kwa sharti kwamba lebo ionye zisipakwe kwenye kope wala nyusi, kwani zinaweza kupofusha. Tazama mfuatano wa miaka: onyo hilo liliandikwa miaka 6 kabla ya kipimo tunachokizungumzia. Lilitokana na majeruhi waliojulikana na bunge lililokubali kutunga sheria.

Kipimo chenyewe kilichapishwa mwaka 1944 na John Draize, mtaalamu wa dawa katika idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, pamoja na wenzake Geoffrey Woodard na Herbert Calvery. Mililita 0.1 ya kitu kinachochunguzwa hutiwa katika jicho moja la sungura mweupe, jicho la pili likiachwa la kulinganishia. Kisha mtaalamu hutazama siku baada ya siku na kutoa alama: konea hadi 80, irisi hadi 10, utando wa ndani wa kope hadi 20, jumla 110. Sungura alipendwa kwa kuwa ni mpole, bei yake si kubwa na macho yake ni mapana. Lakini jicho lake si letu. Konea yake ni nyembamba kuliko ya binadamu, hupepesa mara chache, machozi yake ni haba, na ana kope ya tatu ambayo sisi hatuna. Zaidi ya hayo, alama zenyewe hutolewa kwa macho ya mtazamaji, na watazamaji hutofautiana. Mwaka 1971 Carrol Weil na Robert Scala walilinganisha matokeo ya maabara zaidi ya 20 zilizopewa vitu vilevile. Dawa ambayo maabara moja iliiita kali sana, nyingine iliiona si kitu. Waandishi hao walishauri kipimo hicho kisiwekwe kama utaratibu wa kawaida katika kanuni mpya. Miaka 10 baadaye, mwaka 1981, shirika la nchi tajiri la OECD lilikiweka katika miongozo yake kwa namba 405. Ushauri wa kitaalamu ulikuwapo. Mazoea ya ofisini yalikuwa na nguvu zaidi.

Msukumo ulitoka nje ya maabara. Aprili 1980 Henry Spira, aliyewahi kuwa baharia na mwalimu, alilipia ukurasa mzima wa gazeti la New York Times kuuliza kampuni ya Revlon inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Kabla mwaka huo haujaisha kampuni hiyo ilikuwa imeahidi dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kutafuta njia mbadala. Njia zilichelewa, ila zilifika. Mwaka 2009 OECD ilikubali vipimo viwili vinavyotumia macho ya ng'ombe na ya kuku yanayochukuliwa machinjioni, yaani macho ya wanyama waliokwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama. Mwaka 2015 ikakubali tishu inayooteshwa kutokana na seli za binadamu. Machi 2013 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama.

Watetezi wa kipimo cha zamani wana pingamizi lisilo la kupuuza. Njia mpya zilikuwa hodari kwenye ncha mbili, yaani kutambua kitu kikali mno na kitu kisichodhuru, huku zikibabaika katikati, kwa dawa inayowasha kisha ikaacha. Hilo ni kweli, ndiyo maana OECD ilingoja hadi mwaka 2022 kutoa mwongozo wa kuunganisha vipimo kadhaa ili kuliziba pengo hilo. Lakini sungura naye hakuwa na uhakika katikati hapo. Ndipo maabara za Weil na Scala zilipokosana. Kuidai njia mpya ukamilifu ambao ya zamani haikuwa nao ni mizani isiyo ya haki. Na kwa vitu vinavyotisha zaidi, mnyama hahitajiki kabisa: mwongozo wa 405 wenyewe unaelekeza kwamba kitu chenye pH ya 2 kushuka chini, au 11.5 kwenda juu, kichukuliwe kuwa kinaunguza jicho bila kujaribiwa, isipokuwa kuwe na ushahidi mwingine.

Soda kostiki, ambayo mafundi hupika nayo sabuni kwa mawese, imo katika kundi hilo. Inayeyusha mafuta ya utando wa seli na kuzama haraka kuliko asidi nyingi, na haya yalijulikana zamani. Hapa ndipo hoja ya "bila sungura tungepofuka" inapokwama kwetu. Soda au javeli ikimiminwa kutoka bidoni kubwa kwenda chupa tupu ya maji ya kunywa, elimu yote iliyolipiwa kwa macho ya wanyama inabaki kwenye bidoni. Parafenilenediamini iliyofungua historia hii mwaka 1933 ipo hadi leo katika piko nyeusi wanayopakwa maharusi na watalii katika pwani ya Kenya na Zanzibar, na ngozi za watu zinaendelea kutoka malengelenge. Kujaribu tena kwa sungura kungeongeza nini juu ya yale yanayojulikana kwa miaka 90?

Atakayesema kemikali mpya zinabuniwa kila mwaka atakuwa sahihi, na hizo zipimwe kwa tishu na kwa macho ya machinjioni. Ila kwa hatari zinazojulikana tayari hatuanzi patupu: Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na kiwango cha Jumuiya cha vipodozi, EAS 377, kina orodha ya vitu vilivyokatazwa. Tunacho pia chombo cha viwango, BBN. Kazi iliyobaki ni ya sokoni: kuzuia umiminaji wa dawa kali katika chupa zisizo na lebo, na kutaka onyo liandikwe kwa Kirundi na Kiswahili pia, lisiishie kwenye Kifaransa cha kiwandani. Wakati hilo linasubiriwa, mwenye javeli nyumbani aiache katika chupa yake. Ikiruka jichoni, fumbua kope, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali ukiwa na chupa mkononi.